Wadau wa Marekani: nataka urubani wa jeshi, macho nifanye leza sasa hivi au nipeleke maombi kwanza?

KutokaUsaRiver
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Nimezaliwa Usa River, nimekulia kando ya barabara ya kwenda KIA, kwa hiyo ndege zimenipita kichwani tangu navaa kaptula. Sasa niko USA yenyewe, Columbus, Ohio, mwaka wa nane huu. Kiapo cha uraia nimekula Agosti iliyopita. Nina miaka 31, Novemba natimiza 32.

Nataka kuomba urubani wa helikopta Jeshi la Nchi Kavu, ile njia ya kutoka uraiani moja kwa moja, unamaliza mafunzo ukiwa Afisa Mteule. Digrii hawalazimishi, na ndiyo maana nimeipenda.

Shida ni macho. Miwani yangu ni -3.25 kulia na -2.75 kushoto. Nikiivua, mtu akisimama mlangoni simjui ni nani mpaka aongee. Kliniki moja hapa mjini imenipa ofa ya LASIK (kurekebisha macho kwa leza), dola 3,800 macho yote mawili, lakini nilipe kabla ya mwisho wa mwezi huu wa Januari. Rekruta wangu, yule mwanajeshi anayeandikisha watu, anasema nipeleke faili kwanza, macho yatajulikana mbele ya safari. Shemeji anasema nisichezee ofa.

Nani wa kumsikiliza? Kama kuna mtu amepita njia hii naomba anifungue macho, maana hayo yenyewe ndiyo hayafunguki.

Bwana_Kachumbari
Mkuu na hiyo -3.25 utaona kifaru cha Ngorongoro ukadhani ni kifaru cha vita. Utatuletea balaa.

Mzee_wa_Tandale
😂😂 Nimekaa hapa na kahawa.

DallasKwetu
Fanya LASIK. Mimi nilifanya Ijumaa, Jumatatu nimeingia kazini bila miwani. Watu wanaogopa bure. Ukimaliza unakwenda kwa rekruta macho yanang'aa, nani atajua ulikuwa kipofu?

MboniYaJicho
Mleta mada, usilipe kitu kwanza. Soma hapa.

Mimi macho ndiyo kazi yangu. Nilisomea Moshi, pale KCMC, na hapa Marekani nafanya kazi hiyo hiyo miaka mingi. Vijana wa jeshi wanaopita kwenye kiti changu ni wengi na karibu wote wanaulizia hili. Wanaoharibu, wengi wao wanaharibu kabla hawajaguswa na leza.

Kosa lenyewe ni kuhesabu kuanzia leo kwenda mbele. Hesabu kuanzia siku utakayopimwa na jeshi, urudi nyuma. Kanuni ya uandikishaji ya Wizara ya Ulinzi inataka ziwe zimepita siku 180 tangu upasuaji hadi siku ya kupimwa. Zikiwa 170 umefeli. Ndani ya muda huo wanataka pia vipimo viwili vya namba ya miwani: cha kwanza kisiwe kabla ya siku 90, cha pili kiwe walau mwezi mmoja baada ya hicho. Vikitofautiana zaidi ya nusu dayopta (dayopta ndiyo hizo namba za miwani, yaani nguvu ya lenzi), jicho lako halijatulia na unaendelea kusubiri. Tena usiwe bado unatumia matone ya dawa baada ya hizo siku 180.

Wanaangalia pia namba yako ya ZAMANI. Uliyezidi -8.00 au +8.00 kabla ya upasuaji hawakutaki, hata kama leo unaona mpaka Lushoto. Astigmatizimu (jicho lisilo duara sawasawa) ya zaidi ya 3.00 hivyo hivyo. Wewe na -3.25 uko ndani kabisa, ila utaithibitisha kwa nini kama huna karatasi? Kliniki nyingi hazitunzi mafaili milele. Mdogo wangu mmoja, mtoto wa Kilema kule Kilimanjaro, alifanyiwa upasuaji na kliniki ikafungwa miaka mitatu baadaye. Alipokuja kuombwa kipimo cha kabla ya upasuaji hakuna mtu wa kumpigia simu. Macho 20/15, yaani bora kuliko ya kawaida, lakini faili halitembei.

Kwa hiyo karatasi kwanza, leza baadaye. Ukiamua kufanya, siku ile ile unayolipa omba nakala ya vitu vitatu: kipimo cha namba yako kabla ya upasuaji, ramani ya konea yako (kile kioo cha mbele cha jicho), na ripoti ya upasuaji wenyewe. Usitoke kliniki bila hizo. Weka nakala kwa mama, weka kwenye barua pepe, weka kwenye Biblia.

Kuhusu LASIK au PRK, zile aina mbili za upasuaji wa leza, nitarudi jioni, nina wagonjwa.

DallasKwetu
Doc mimi nimesema tu asiogope. Hayo ya siku 180 sikuyajua.

KutokaUsaRiver
@MboniYaJicho shikamoo daktari. Kwa hiyo rekruta amenidanganya?

Nyayo_za_Nandi
Hajakudanganya, amekuambia nusu. Rekruta ana namba zake za mwezi, wewe una macho yako.

Niko jeshini tayari. Niliingia na green card kama private (askari wa cheo cha chini), uraia nikapatia ndani. Kwa wale hawajui: green card unaweza kuwa askari, lakini rubani ni lazima uwe raia. Hiyo mleta mada ameshavuka, poa sana.

Sasa sikiza. Kuna mambo hayangoji macho. Mtihani wa SIFT, ule wa kuchuja wanaotaka urubani, unaweza kufanya hata leo na miwani yako. Alama ya kupita ni 40 na una nafasi mbili tu maisha yako yote, na ukishapita hurudii hata kama ulitaka alama kubwa. Kwa hivyo usiende ovyo. Barua za mapendekezo unaweza kuanza kutafuta, hasa ya rubani afisa mteule wa ngazi ya juu, hizo zinachukua muda kuliko hata macho. Ile haiwezi kutangulia ni MEPS (kituo cha kupima wanaojiunga na jeshi) na kile kipimo cha afya ya urubani. Ukipelekwa MEPS siku ya 120 kwa sababu rekruta ana haraka, watakuandika hujafaulu, na hiyo karatasi itakufuata kama mbwa wa jirani.

MboniYaJicho
Hapo askari umenena. Nimerudi.

LASIK na PRK zote ni leza ile ile inayochonga konea. Tofauti ni namna ya kuifikia. LASIK wanakata kifuniko chembamba juu ya konea, wanakiinua, wanachonga chini yake, wanakirudisha. Ndiyo maana @DallasKwetu aliingia kazini Jumatatu. PRK hawakati kifuniko. Wanaondoa ile ngozi laini ya juu kabisa, wanachonga, halafu wanakuvalisha lenzi laini kama bandeji siku nne tano mpaka ngozi iote upya. Inauma na inachelewa. Uoni unapanda na kushuka wiki kadhaa.

Jeshi lilianza na PRK kwa sababu ya kifuniko hicho. Konea iliyokatwa kifuniko hairudi kuwa na nguvu ileile, na pigo kali usoni linaweza kukisogeza hata miaka mingi baadaye. Fikiria rubani anayeruka na kiti kutoka ndege ya kivita, upepo unampiga uso. Utafiti wa mwanzo ulifanywa na Jeshi la Majini kule San Diego miaka ya 1990, na daktari aliyeuongoza, Steven Schallhorn, mwenyewe alikuwa rubani wa ndege ya kivita ya F-14 kabla ya kusomea udaktari. Alijua anachokitafuta. Baadaye LASIK nayo ikakubalika: Jeshi la Anga 2007, na mwaka huo huo NASA wakaruhusu wanaanga wao. Leo zote mbili zinapita. Ila bado ukiniuliza mimi, mtu wa helikopta, vumbi na kofia ya chuma, nitakuambia PRK.

Aina moja hawaitaki kabisa: ile ya zamani ya kukata konea kwa kisu mistari kama miale ya jua, RK. Konea yake inabadilika umbo ukipanda juu hewa ikapungua. Mei 1996 daktari mmoja wa Texas, Beck Weathers, alipanda Everest na macho ya RK. Karibu na kilele akawa haoni. Aliponea chupuchupu na akapoteza mkono wa kulia. Sasa mtie huyo kwenye chumba cha rubani.

SMILE, aina nyingine ya leza, ni mgeni zaidi, hapa Marekani iliruhusiwa 2016. Ukiitaka, pata jibu la tawi lako kwa maandishi kabla hujapanda kitandani.

Bwana_Kachumbari
Mistari kwenye jicho kama miale ya jua?? Mimi naacha kula nikisoma uzi huu.

KutokaUsaRiver
Asante sana wakuu. Sasa nina swali la kijinga. Kiwango chenyewe cha kuona ni kipi? Kuna anayesema lazima 20/20 (uoni wa kawaida) bila miwani, mwingine anasema miwani ruksa.

MboniYaJicho
Si la kijinga. Hapo ndipo wengine wanafanyiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji.

Kila tawi lina lake, na wanapima bila miwani halafu na miwani. Na miwani lazima ufike 20/20 kote. Bila miwani, kila jicho: Jeshi la Anga 20/70, Nchi Kavu 20/50, na Jeshi la Majini lina chake. Kwa -3.25 wewe bila miwani hata herufi ile kubwa ya juu unaibahatisha, kwa hiyo kwako swali la kama unahitaji upasuaji halipo. Linalobaki ni lini.

Lakini mwenye -0.75 anayefika 20/40 bila miwani ana macho yanayopita ALIVYO. Akienda kuchongwa, amegeuza jicho la kawaida kuwa jicho lenye historia ya upasuaji, na sasa huenda akalazimika kuomba weiva (kibali cha kusamehewa) ya kitu ambacho jana hakikuwa tatizo. Nimewaona wa namna hiyo wakilia.

Binti_Pwani_Norfolk
Huyo wa -0.75 nusura awe mimi.

Nilikuwa naomba urubani Jeshi la Majini. Macho yangu 20/40 moja na 20/30 jingine. Kwenye makundi ya mtandaoni kila mtu "fanya PRK, fanya PRK", nikaweka miadi kabisa. Mama mmoja wa macho, Mfilipino, akaniwekea matone ya kupanua mboni akapima upya, akaniambia mwanangu wewe unapita, kaa na macho yako. Nikafuta miadi.

Msiyadharau hayo matone. Vijana wenye macho ya kuona mbali kuliko karibu wanakaza misuli ya jicho bila kujua na kusoma ubao vizuri. Matone yanalegeza misuli, ukweli unatoka. Pale Pensacola ndiko Jeshi la Majini linakopima marubani wake, kituo kinaitwa NAMI, na wanafunzi wana msemo wao "NAMI whammy": unafika mzima umeshapita kila mahali, unatoka umeambiwa huruki. Nilikwenda tumbo linaunguruma. Nikapita.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kutoa dola hata moja lipia kipimo cha kawaida chenye matone. Ni hela ndogo ukilinganisha.

Nyayo_za_Nandi
Na rangi! Mwambieni kuhusu rangi.

MboniYaJicho
Ndiyo, asante. Leza inachonga konea, haigusi retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kama hutofautishi nyekundu na kijani, utatoka kwenye upasuaji ukiona kwa ufasaha kwamba hutofautishi nyekundu na kijani. Kijana mmoja alilipa pesa yote, akasubiri nusu mwaka, akaangushwa na zile picha za vidoti vyenye namba ndani. Kipimo cha dakika tano ambacho angefanyiwa siku ya kwanza.

Pima rangi, pima uwezo wa kujua kipi kiko karibu na kipi mbali, pima ramani ya konea. Halafu jiulize yasiyo ya macho. Ulikuwa na pumu baada ya kutimiza miaka 13? Hilo nalo linasimamisha watu. Hakuna faida ya kununua tairi la gari ambalo injini imekufa.

Ramani ya konea naisisitiza kwa sababu nyingine. Kuna konea zenye udhaifu ambao huuoni kwenye kioo wala hausikii: inaanza kuchongoka taratibu kama ncha ya yai. Kuichonga konea hiyo ni kuibomoa. Jeshi la Anga, kule Wright-Patterson, Ohio (karibu na kwako hapo, saa moja na kidogo kwa gari), kila anayetaka kuwa rubani wanamchorea ramani hiyo hata kama hajawahi kuguswa na leza. Kama ipo, bora uambiwe na mtu asiye na ofa ya mwisho wa mwezi.

Na kabla ya ramani acha lenzi za kuvaa. Laini wiki kadhaa, ngumu miezi. Zinaikandamiza konea, ramani inatoka ya uongo.

Mtu_wa_Pasi
Mnamzungusha sana kijana. Afanye LASIK nchi nyingine, India au Uturuki ni rahisi, halafu kwenye fomu asiandike. Kovu halionekani. Nani atajua?

Nyayo_za_Nandi
Buda usimwambie hivyo.

MboniYaJicho
Konea iliyochongwa inaonekana kwenye ramani kama shamba lililolimwa katikati ya pori. Mimi nikiiangalia nusu dakika nimejua, na mara nyingi nakuambia hata ni aina gani. Wale wa kijeshi wanaziangalia kutwa nzima.

Hapo umeongopa kwenye fomu ya serikali, wewe mhamiaji uliyeapa uraia juzi. Upasuaji wenyewe ulikuwa unaruhusiwa! Utakuwa umejifukuzisha kwa kuficha kitu ambacho hakikatazwi.

Mtu_wa_Pasi
Nimekuelewa, nilikuwa nawaza kwa sauti.

Mzee_wa_Tandale
Waza kimya kimya siku nyingine.

Rubani_Mtarajiwa_254
Wadau niko Nairobi, nafuatilia huu uzi tangu asubuhi. Hizo 20/70 kwetu hatuzitumii, daktari aliniandikia 6/12. Na je KDF, jeshi letu la Kenya, kanuni ni hizo hizo?

MboniYaJicho
Ni lugha mbili za kitu kimoja, wao futi ninyi mita. 20/20 ni 6/6. 20/40 ni 6/12, hiyo yako. 20/70 ni 6/21. Maana yake unasimama mita 6 kusoma kile mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 21.

KDF ni jeshi jingine, serikali nyingine. Usichukue siku 180 za Wamarekani ukaenda nazo Eastleigh kwa jeshi lenu la anga. Tangazo la makadeti likitoka lisome neno kwa neno, na uwaulize kabla hujaguswa. Mpangilio wa fikra ni ule ule: jua kiwango, jipime, ndipo uamue.

Na kama unachotaka ni kuruka tu, kumbuka ndege za abiria. Viwango vya kimataifa kwa rubani wa biashara ni 6/9 kila jicho, NA MIWANI. Nahodha wengi wanaokupeleka Mombasa wamevaa miwani na jozi ya akiba iko mfukoni. Hakuna leza hapo.

Rubani_Mtarajiwa_254
Eh! Hiyo ya miwani hakuna mtu amewahi kuniambia. Asante daktari.

KutokaUsaRiver
@Nyayo_za_Nandi wewe ulifanya ipi? Inauma kweli?

Nyayo_za_Nandi
PRK, hospitali ya jeshi, bure. Walio ndani tayari msilipe pesa zenu, kuna mpango wa jeshi wa kurekebisha macho ya askari. Kamanda lazima asaini kwa sababu kuna kipindi hawawezi kukutuma nje ya nchi wakati bado unapona. Na usiende kliniki ya uraiani kimyakimya ukiwa ndani, utaitwa ofisini.

Siku ya upasuaji ni rahisi: matone ya ganzi, unaangalia taa, kuna harufu kama nywele zimeungua, dakika chache umemaliza. Nikatoka nikisema mbona watu wanalia.

Siku ya pili nikajua. Kama umekata gunia zima la vitunguu halafu mtu akakumwagia mchanga. Nilifunga mapazia, nikatia blanketi juu ya pazia, nikakaa gizani na miwani ya jua usiku. Dada yangu alikuwa anakuja kuniwekea matone, mimi kazi yangu ilikuwa kulalamika. Siku ya nne ikapoa, wakatoa ile lenzi.

Sasa hii ndiyo hawaambii watu. Wiki mbili tatu simu sikuweza kusoma vizuri. Mwezi wa kwanza jicho moja linaona leo, kesho lingine. Taa za magari usiku zina duara kama mwezi wa mvua. Kwa hivyo yule anayedhani atafanya PRK halafu asomee SIFT wiki inayofuata, ajue hatasoma kitu. Soma kabla.

Matone ya steroidi nilitumia karibu miezi mitatu, yakipunguzwa polepole. Yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, ndiyo maana wanakupima mara kwa mara. Usikose miadi, na kila kipimo omba karatasi. Na miwani ya jua, ata kama ni mawingu. Konea mbichi ikipigwa na jua kali inaweza kuota ukungu.

Ile duara ya taa ilipotea mwezi wa nne hivi.

MboniYaJicho
Hiyo duara ndiyo jeshi linaiogopa kuliko ubao wa herufi. Kuna watu wanasoma 20/20 ofisini kwangu taa zikiwaka, lakini mpe kitu cha kijivu kwenye giza, hakioni. Rubani wa helikopta anaruka usiku na miwani ya kuonea gizani. Ndiyo maana wanapima pia uoni wa mwanga hafifu, na ndiyo maana hawataki kukuona kabla ya miezi sita.

Haya, mleta mada, tukupigie hesabu. Leo ni katikati ya Januari. Acha lenzi kama unavaa. Februari: kipimo chenye matone, rangi, ramani ya konea, kwa daktari ASIYEFANYA upasuaji. Yote yakiwa sawa, tuseme unachongwa Machi 10. Siku ya 90 ni Juni 8, kwa hiyo kipimo cha kwanza katikati ya Juni. Cha pili katikati ya Julai, na ukiweza cha tatu Agosti kwa usalama. Siku ya 180 ni Septemba 6. MEPS isiwe kabla ya hapo, mimi ningeweka wiki moja mbili za akiba. Kipimo cha urubani kifuate, faili liende Fort Rucker, kituo cha urubani cha Nchi Kavu, kugongwa muhuri, halafu bodi ya kuchagua marubani.

Bodi wanataka uwe hujatimiza 33. Novemba unatimiza 32. Una mwaka mzima na zaidi wa nafasi. Ofa ya Januari si ajali ya moto, hakuna cha kukimbilia. Lakini ungekuja hapa na miaka 32 na nusu, ningekupa jibu jingine: usingekuwa na nafasi ya kosa hata moja, na jicho likihitaji kuchongwa mara ya pili saa inaanza upya kutoka sifuri.

KutokaUsaRiver
Daktari nimeiandika hii hesabu ukutani. Sijavaa lenzi, miwani tu. Naikataa ile ofa. Shemeji atanuna.

Bwana_Kachumbari
Shemeji anapata kamisheni hapo, shauri yako 😂

KutokaUsaRiver
[Februari]
Mrejesho. Nimepima. Rangi sawa, konea nene ya kutosha na ramani safi. Baada ya matone, kulia imetoka -3.00, siyo -3.25. Daktari akasema miwani yangu ilikuwa kali kidogo tangu mwanzo, kumbe ndiyo maana kichwa kilikuwa kinaniuma jioni. Nilimlipa dola 140.

SIFT nimeweka wiki ya mwisho ya mwezi huu, kabla ya macho kama @Nyayo_za_Nandi alivyosema.

KutokaUsaRiver
[Aprili]
SIFT 61. PRK nimefanya Machi 12. Nyayo hukusema uongo kuhusu mchanga. Siku ya tatu nilimpigia mama Usa River nikamwambia nimejutia, akaniuliza nani alikutuma. Leo naandika haya kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili.

Binti_Pwani_Norfolk
Hongera! 61 ni nzuri. Usisugue macho. Usisugue hata ukiota.

Mzee_wa_Tandale
Mama amejibu vizuri sana.

KutokaUsaRiver
[Oktoba]
Wakuu. Juni kipimo cha kwanza: kulia sifuri, kushoto +0.25. Julai: kulia -0.25, kushoto sifuri. Agosti sawasawa na Julai. Matone niliacha mwishoni mwa Juni.

Rekruta alitaka nikapime MEPS Agosti 20 kwa sababu kulikuwa na nafasi. Nikamwambia siku 180 zangu zinatimia Septemba 8. Akasema zitasamehewa. Nikamwambia aniandikie hilo kwa barua pepe. Hakuandika. Tukaenda Septemba 22.

Pale MEPS yule wa macho hakunigusa kwanza. Alinyoosha mkono akasema "karatasi za kabla ya upasuaji". Nikampa bahasha. Akazisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mbele yangu kuna kijana ana simu sikioni anambembeleza mtu wa kliniki amtumie faksi. Sijui kama aliipata, mimi niliitwa ndani.

Bila miwani, macho yote 20/20. Kipimo cha urubani ni wiki ijayo.

MboniYaJicho
Kaa umelala vizuri siku mbili kabla, punguza simu, kunywa maji. Macho makavu yanasoma vibaya. Na bahasha nenda nayo tena, usiseme wameshaiona MEPS.

Rubani_Mtarajiwa_254
Hiyo bahasha ulipanga nini ndani na kwa mfuatano gani? Niko na daktari Jumatatu nataka nimuombe vitu vyote mara moja.

KutokaUsaRiver
Juu kabisa namba ya kabla ya upasuaji, na miwani ya mwaka juzi pia kuonyesha namba haikuwa inakimbia. Chini yake ramani ya konea, ripoti ya upasuaji, halafu vipimo vitatu kwa tarehe, na ya mwisho barua ya daktari kwamba situmii dawa yoyote. Kila ukurasa una jina langu kama lilivyo kwenye pasi. Kliniki walikosea herufi moja kwenye jina nikawarudisha, walikasirika lakini walirekebisha.